Kiazi cha Mama Mkwe na Jiko la Majani

Jumanne, 4 Novemba

Mama mkwe kaondoka! Basi la asubuhi, kwenda mjini Sincelejo kutolewa mtoto wa jicho la kulia. Nelcy, mke wangu, alilia. Mimi nilipunga mkono mpaka vumbi likatulia barabarani. Ningependa kusema nilifurahi. Sikuweza.

Kuna sababu. Kaniachia kiazi chake.

Si kiazi cha kuchemsha ukala. Ni kiazi kikuu cheupe, mbegu ya bibi yake. Miaka ile ugonjwa wa madoa meusi ulipopita vilimani humu, viazi vyeupe vilioza kijiji kizima, cha Mama Digna, huyu mama mkwe, kikabaki. Akikosa mwaka huu kipande cha kupanda, basi, mbegu imekufa. Halafu kuna sikukuu ya Mtakatifu Andrea, mwisho wa mwezi, ambapo viazi hushindanishwa kwa uzito mbele ya kanisa, watu wote wakitazama.

Kasema kiazi kikitoka salama atanipa ile kona ya shamba, karibu na kisima, nijenge. Toka nimuoe Nelcy nalala chini ya paa la mama mkwe. Kofia yangu haina hata msumari wake wa kutundikwa.

Maagizo aliyatoa mguu mmoja ukiwa ndani ya basi. "Argemiro, mkwe wangu, kazi yako ni moja tu. Usifanye chochote."

Nikauliza kuhusu kumwagilia. Akasema mvua ipo. Kupalilia? Nelcy atapalilia. Sasa mimi je?

"Wewe nyoa watu."

Jumatano, 5 Novemba

Nimechungulia uani kwa Plutarco Arrieta, jirani. Kosa kubwa. Kiazi chake, mbegu ya sokoni, kimepanda nguzo mpaka juu, majani ya kijani kibichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Yetu yana ukijani wa uchovu. Nelcy anasema cha Plutarco bado kichanga, kilipandwa mvua za Julai, chetu kilipandwa Aprili, usifananishe mtoto na mtu mzima. Nelcy ana moyo mwepesi. Mimi naona nilichokiona.

Nimekula nusu tu ya bollo, ule mkate wa mahindi. Nyingine nimempa mbwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya ajabu! Kiti changu cha kinyozi kinaegemea ukuta wa shule, na sauti ya Mwalimu Maribel hupita matofali kama maji kwenye chujio. Nilikuwa namnyoa Plutarco ndevu. Yeye kanyamaza kwa sababu ya wembe, mimi nimenyamaza kwa sababu ya Plutarco. Ndipo tukasikia.

"Jani ni jiko, watoto," alisema Mwalimu. "Kuni zake ni mwanga wa jua. Maji yanatoka chini kwa mizizi. Hewa tunayoitoa sisi puani, jani linaivuta kwa vitundu vidogo ambavyo macho hayavioni. Vikikutana humo ndani, jani linapika sukari. Linabakisha hewa safi, linatutupia sisi tuvute. Na sukari ikizidi, inakwenda wapi?"

Wembe wangu ulisimama shingoni mwa Plutarco. Yeye naye hakupumua.

"Inateremka kwenye kiazi!" watoto wakapiga kelele. "Inakuwa wanga!"

Tukatazamana kwenye kioo, mimi na Plutarco, povu limemjaa kidevuni.  Aliondoka na shavu moja halijanyolewa. Anakimbilia wapi? Najua anakimbilia wapi!

Jumamosi, 8 Novemba

Kuni! Tatizo letu ni kuni. Mparachichi wa mama mkwe unakinga jua la mchana, na mmea unabaki kivulini wakati wa Plutarco unakula mwanga wa bure. Kuukata mparachichi siwezi, naipenda roho yangu. Lakini mwanga, kama mkwe, unaweza kuletwa nyumbani kwa watu.

Nimeng'oa kioo kikubwa cha kinyozi, nikakisimamisha juu ya pipa, nikakigeuza mpaka jua likaruka moja kwa moja kwenye majani. Uzuri ulioje! Majani yaliwaka kama sakramenti. Nilikaa kwenye bembea nikilitazama jiko langu likipika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nilipumzika.

Muuza maziwa alipita na punda. Punda alipigwa na ule mwanga machoni. Maziwa yote chini. Muuza maziwa alitaja ukoo wangu mpaka mababu. Plutarco alicheka akishikilia uzio.

Jumatatu, 10 Novemba

Majani yaliyopigwa na kioo yamekauka. Yamejikunja, ya kahawia, yanavunjika mkononi kama tumbaku. Niliyahesabu, nikaacha, nikakaa chini.

Mwanga ukizidi unaunguza. Kwa nini Mwalimu hakulisema hilo kwa sauti ile ile?

Na wateja wanalalamika, hakuna kioo. Mlinzi wa kanisa kaondoka na sharubu upande mmoja juu, upande mmoja chini. Nelcy aliuliza majani yamefanya nini. Nikasema konokono. Akaniuliza konokono gani anayekula kwa moto.

Plutarco naye kasimamisha bati jipya uani kwake, linang'aa, limeelekea majani. Mwizi wa akili! Nikaogopa zaidi. Huenda bati ni bora kuliko kioo.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefikiri. Kuni zilizidi kwa sababu vingine vilipungua. Jiko linataka hewa ya puani. Nani anapumulia mmea wetu? Mbwa, basi.

Kwa hiyo nimeitisha rozari. Nilitangaza mtaani kwamba tunamwombea Mama Digna na jicho lake, hapo hapo shambani, penye kiazi akipendacho. Nelcy alinishika mkono, machozi yakamlenga, akasema hakujua kama nampenda mama yake kiasi hicho. Niliangalia kando. Dhambi ina uzito, jamani.

Walikuja akina mama wengi. Nikawapanga kwa karibu, nyuso zikielekea majani. Nikawaambia waombe kwa nguvu, mpaka pumzi iishe. Bi Ubaldina, mjane mnene mwenye kifua cha tarumbeta, alikuwa hazina. Kila "utuombee" yake ilitikisa matawi.

Kumbe Plutarco naye kaja. Kapiga magoti pembeni kabisa, mgongo kwetu, uso kwenye uzio, anaombea upande wake! Nikamsogelea nikamnong'oneza ageuke. Akasema Mungu yuko kila upande. Nikamwambia Mungu ndiyo, pumzi hapana. Akasema sauti ya juu kwamba Argemiro anafukuza watu kwenye sala. Akina mama wote wakageuka kunitazama. Kwa kugeuka, Bi Ubaldina alikanyaga shimo, akashika nguzo ya kiazi ajiokoe. Nguzo ikaenda naye.

Yeye mzima. Matawi mawili yamechanika.

Nelcy alifunga matawi kwa vipande vya gauni la zamani. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 14 Novemba

Silali vizuri. Kila nikifunga macho naona kikapu cha mbegu cha mama mkwe kikiwa kitupu.

Leo ukuta wa shule ulisema tena. Mwalimu kawaambia watoto kwamba ndani ya jani kuna rangi ya kijani, na rangi hiyo ndiyo inayokamata mwanga. Bila kijani hakuna chakula. Basi! Maradhi yetu ni upungufu wa kijani. Mtu akipungukiwa damu si anaongezewa?

Nimemwomba mwenye ukumbi wa bilia nailoni yake ya kijani, ile anayofunikia baraza wakati wa mvua. Alitaka kujua ya nini. Nikasema siri ya tiba. Nimeuzungushia mmea wote, juu na kando. Ukisimama ndani kila kitu ni kijani: mikono, fulana, hata mbwa. Hakuna mmea wilaya hii uliopewa kijani kingi hivi. Plutarco atapasuka.

Usiku wa leo nitalala.

Jumatatu, 17 Novemba

Majani yamekuwa manjano.

Si moja, si mawili. Mengi. Kuanzia chini kupanda juu. 

Nilimkimbilia Mwalimu Maribel wakati wa mapumziko. Nikasema ni rafiki yangu mmoja, ana nailoni. Mwalimu ni mwanamke mwembamba, mpole, ana chaki mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza huyo rafiki anaona jani ni rangi gani. Kijani, nikasema. Akauliza, unaliona kijani kwa nini? Ndivyo lilivyoumbwa, nikasema. Akasema jua limechanganya rangi zote, na jani linapenda nyekundu na bluu, hizo linazimeza. Ya kijani sehemu kubwa linaitupa, na hiyo iliyotupwa ndiyo inayotufikia machoni.

"Kwa hiyo rafiki yako, Don Argemiro, amelifungia jani ndani ya chumba, akalinyima nyama na wali, akalipa maganda."

Nikamshukuru kwa niaba ya rafiki yangu. Nikaenda nyuma ya kisima nikajishika kichwa.

Nailoni nimeitoa. Sikuwa nimefika mlangoni nayo, Plutarco kaniomba nimwazime. Sikutaka kumwambia lolote. Nikampa. Akaondoka mbio kama mtu aliyeiba. Kuna dakika moja nilijisikia vizuri, kisha nikaona majani tena.

Jumanne, 18 Novemba

Mama mkwe kapiga simu! Upasuaji umekwenda salama. Anarudi Jumamosi. Nelcy aliruka kwa furaha.

Mimi nilikuwa na tumaini moja tu, sikuliandika hapa kwa aibu: kwamba Mama Digna haoni vizuri. Miaka hii yote kijani na manjano kwake ni ukungu mmoja. Angepapasa shina, angesema vizuri, angekwenda kulala.

Alitaka kuzungumza nami. Akaniambia amekaa kitandani, na anasoma maandishi ya sabuni iliyoko upande wa pili wa chumba. Hata yale madogo! "Mkwe wangu, naona kila kitu," alisema. "Nina hamu ya kuiona nyumba yangu."

Niliketi sakafuni na simu mkononi.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimefanya. Nelcy alikwenda mtoni kufua, na kulikuwa na mabaki ya rangi ya milango ya shule, kijani, kizuri sana, kijani cha kasuku. Brashi ndogo ya kupakia povu la ndevu. Jani baada ya jani, mbele na nyuma. Mgongo umekufa.

Kwa mbali huwezi kujua. Kwa karibu harufu ni ya milango.

Plutarco alitokeza kichwa juu ya uzio, akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atacheka. Akauliza kwa unyenyekevu kama rangi imebaki. Majani yake nayo yameanza kupauka, maskini, tangu bati na ile nailoni. Nikamwachia kopo. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Jumamosi, 22 Novemba

Nitaandika lote, kwa sababu sijui kama kesho nitakuwa na meza ya kuandikia.

Alishuka kwenye basi na miwani myeusi. Akaivua. Akamtazama Nelcy, akamshika mashavu, akasema, "Mwanangu, kumbe umenenepa vizuri." Akanitazama mimi. "Na wewe una mvi. Hakuna aliyeniambia." Hajapata kunitazama hivyo, machoni, kama mtu anayesoma. Nikatamani nikimbie.

Hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja shambani. Alisimama mbele ya mmea. Akashika jani moja, akalisugua. Akageuza kidole: kijani. Akakinusa.

"Nelcy," alisema taratibu, "nani kapaka rangi mmea wangu?"

Nelcy alinitazama. Mbwa alinitazama.

Nilieleza. Kioo, rozari, nailoni, yote, maneno yakinitoka kama gunia limepasuka. Nikasema majani yaligeuka manjano, nikaogopa, nikaona bora ayaone ya kijani angalau mara moja kwa jicho jipya.  Lile la mwisho lilikuwa kweli, hata mimi sikujua mpaka nilipolisema.

Alilisugua jani lile mpaka kuku wakaanza kupanda mtini.

"Argemiro, mwezi wa kumi na moja majani ya kiazi yanageuka manjano. Kila mwaka. Yamepika toka Aprili, yamemaliza, chakula kimeshuka chini. Jiko likizimwa unalipaka rangi?"

Nikauliza kama kiazi kimekufa basi.

"Sijui. Ungekianzia vituko Agosti, kingekufa. Bibi yangu alikuja na mbegu hii juu ya kichwa, akivuka mto uliofurika. Ugonjwa ulipita, haukuiweza. Kiangazi kilipita, hakikuiweza. Nilidhani hakuna cha kuimaliza." Akavaa miwani. "Sikukufikiria wewe."

Kichimbwe siku ya kuchimbwa, kasema. Ardhi itasema yenyewe. Wiki nzima!

Jumatano, 26 Novemba

Hasemi nami. Ananipitishia chumvi kwa mkono wa Nelcy. Nelcy alipika ule mchuzi mzito wa kiazi na jibini, ambao mimi humaliza sufuria. Kila kijiko kilinikumbusha. Niliomba ruhusa nikaondoka mezani.

Nimemsikia mama mkwe dirishani akimwambia Nelcy kwamba mtu huyu si mbaya, ila mikono yake haijui kukaa. Sikujua kama nifurahi.

Jumamosi, 29 Novemba

Kimechimbwa. Mama Digna mwenyewe, kwa panga na kwa vidole, amepiga magoti, hataki mtu asaidie. Mimi nilisimama mbali kwa amri. Udongo ulikuwa unatoka mweusi, na yeye anapapasa. Niliona bega lake likisimama. Nikafumba macho.

"Njoo," akasema.

Kiko! Kizima, kirefu kama mkono wangu, ngozi safi. Akakata kipande kidogo juu: ndani cheupe, hakuna doa. Utomvu ukamtiririka vidoleni. Alikilaza mapajani kama mtoto akakipangusa udongo kwa upindo wa gauni, na sasa aliyelia ni yeye, jicho la zamani na jipya pamoja. Nilikwenda nyuma ya mparachichi. Mimi nina mafua.

Si kikubwa kama cha mwaka jana. Alilisema hilo mara tatu, akinitazama.

Jumapili, 30 Novemba

Sikukuu. Fataki, ngoma na filimbi, watu mpaka kwenye ngazi za kanisa. Sisi tumekuwa wa pili! Wa kwanza ni Bi Ubaldina, aliyesema mbele ya wote kwamba alikitupa kipande cha kiazi cha sokoni nyuma ya choo chake na akakisahau, hata hakujua kama kimeota mpaka mbuzi alipojikwaa. Watu walicheka. Sikuelewa kwa nini Mama Digna alinifinya.

Plutarco alileta kitu kwenye kitambaa. Alipokifunua, watu waliuliza kama ni kiazi au kidole gumba. Mmea wake ulikuwa mchanga, ulikuwa ndio kwanza unapika, na sasa umekauka wote, rangi na yote. Alirudi nyumbani bila kunywa hata kinywaji kimoja. Nilimfuata mpaka kwenye kona nikampa pole. Akasema yote aliyafanya kwa kunifuata mimi. Hakuna aliyewahi kunisifu hivyo.

Kona ya kisima mama mkwe kampa Nelcy. Kwa jina la Nelcy. Kasema mimi naweza kuishi humo nikiwa na adabu. Mbegu kaitundika darini, juu sana, ngazi kaificha.

Jioni nilipiga hesabu. Tumetoka wa pili kijiji kizima, mmea ukiwa na miezi saba, chini ya uangalizi wangu wa wiki mbili na nusu. Wa pili! Bila mimi tungekuwa wa ngapi?

Jumanne, 9 Desemba

Sincelejo. Jicho la kushoto. Safari hii Mama Digna hakutaka Nelcy amsindikize, kanitaka mimi. Kasema hawezi kukaa na amani nikiwa nyumbani na yeye huku. Nimeguswa sana.

Nipo ukumbini nasubiri. Joto. Kiyoyozi kinanguruma kama nguruwe. Kwenye kona kuna mmea mkubwa kwenye chungu, majani mapana, na juu yake vumbi la miezi. Muuguzi, binti mkali mwenye viatu vyeupe, aliniona nikiutazama, akasema ni wa daktari mkuu, kaulea toka chuo, mtu asiuguse.

Lakini ule hauoni mwanga! Na vile vitundu vidogo vimezibwa na vumbi vyote, mmea unakosa pumzi mbele ya madaktari na hakuna aliyeliona. Ni mtu mwenye elimu kidogo ya mimea tu ndiye anayejua. Juu ya meza ya muuguzi kuna chupa ya spiriti, lita nzima, na pamba tele.

Mama mkwe ndiyo kwanza kaingizwa ndani. Muuguzi kaenda kunywa kahawa.

Naanza na majani ya chini.